Amplifaya ya Kopo na Mchoro Ulio Wazi

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Chu Moy wa Marekani alitoa hadharani mchoro wa amplifaya ya hedifoni ya kubeba mfukoni. Vipuri vyake vyote vinaenea kiganjani: aisi yenye opampu mbili (saketi ndogo za kukuza mawimbi), rezista na kapasita chache, kitufe cha volyumu, tundu la kuingiza sauti na la kuitoa, na betri ya mstatili ya volti 9. Kwa udogo wake, watu wakaanza kuipakia ndani ya kopo la bati la peremende za Altoids, na hadi leo wapenzi wa sauti wanaiita CMoy. Watu ambao hawakuwahi kushika chuma cha kulehemu walianzia hapo, na wengi wao hawakuishia hapo.

Naiheshimu sana saketi hii, na heshima hiyo haitokani na sauti yake. Sauti yake inatosha, basi. Naiheshimu kwa sababu haina kilichofichwa. Kila kipuri kiko kwenye karatasi, kila kimoja kina thamani yake, na kila thamani ina sababu ambayo mwenye hesabu za sekondari anaweza kuifuatilia. Katika ulimwengu wa vifaa vya sauti, ambako maneno matamu yamezidi ushahidi, kifaa ambacho mtu yeyote anaweza kukikagua ni kitu adimu. Na naamini kwamba kujenga amplifaya kwa mkono kunaleta faida kubwa pale tu kazi hiyo inapokuwa wazi kwa macho na vipimo vya wengine.

Tuanze na haja yenyewe, kwani wauzaji huipita haraka. Wengi wanaosikiliza muziki kwenye simu hawahitaji amplifaya ya pembeni. Hedifoni ya kawaida ya omu 32 hutoa sauti kubwa kwa miliwati moja, na miliwati moja kwenye omu 32 ni volti 0.18 tu. Simu yenye tundu la hedifoni inatoa kiasi hicho bila kuhangaika. Mambo hubadilika ukichukua hedifoni ya omu 300, mathalani Sennheiser HD 600. Kwenye omu 300, miliwati hiyo hiyo moja inadai volti 0.55. Ikiwa hedifoni yako hutoa desibeli 97 kwa miliwati moja na muziki una kilele cha desibeli 110, utahitaji miliwati 20, yaani karibu volti 2.5. Simu ya kawaida haifiki huko. Itajaribu, na vilele vya muziki vitakatwa vichwa.

Sababu ya pili hutajwa mara chache, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Kila tundu la kutolea sauti lina ukinzani wake wa ndani. Redio kubwa nyingi za sebuleni hupata sauti ya hedifoni kwa kupunguza ile ya spika kupitia rezista za omu 100 au zaidi, kwa sababu ni njia rahisi. Sasa, ukinzani wa hedifoni haukai mahali pamoja. HD 600 inaandikwa omu 300, lakini kwenye besi hupanda hadi karibu omu 500. Chomeka hedifoni hiyo kwenye tundu lenye omu 100, kisha piga hesabu ya mgawanyo wa volti: kwenye sauti za kati hedifoni inapata robo tatu ya volti zilizopo, na kwenye besi inapata zaidi ya asilimia 83. Tofauti hiyo ni karibu desibeli moja. Besi imeongezeka bila mtu kuigusa, na msikilizaji atasema redio yake ina sauti nene yenye joto. Hakuna joto lolote. Ni rezista.

Turudi kwenye kopo. Opampu hufanya kazi vizuri ikilishwa umeme wa pande mbili, chanya na hasi, na sifuri katikati. Betri moja ya volti 9 haina katikati. Moy aliitengeneza kwa rezista mbili za omu 4,700 zilizofuatana kati ya ncha za betri, kila moja ikiwa na kapasita ya mikrofaradi 220 ubavuni. Zinapokutana panakuwa na volti 4.5, na saketi nzima huhesabu hapo kuwa ndiyo sifuri. Mafundi tungeiita ethi ya kubuni. Vipuri vinne vya bei ndogo vimefanya kazi ya betri ya pili.

Lakini kazi hiyo ina mipaka, na mipaka yenyewe inasomeka kwenye mchoro ule ule. Mkondo wote unaorudi kutoka kwenye hedifoni, kushoto na kulia, unapita katika ethi hiyo. Rezista za omu 4,700 haziwezi kuubeba, kwa hiyo mzigo unaangukia kapasita mbili, ambazo kwa pamoja ni mikrofaradi 440. Kwenye besi ya hezi 50, kapasita hizo zina ukinzani wa zaidi kidogo ya omu 7. Mbele ya hedifoni ya omu 300, omu 7 si kitu. Mbele ya hedifoni ya omu 32 ni zaidi ya moja ya tano ya mzigo wote, na hapo ile sifuri inaanza kucheza. Besi nzito ikivuta, ethi inayumba nayo, na sauti ya sikio la kushoto inavuja kwenda la kulia. Ndiyo maana wajenzi waliofuata waliweka TLE2426, aisi ndogo ya kugawanya volti, au wakaongeza opampu ya kuisaidia ethi, au wakaacha ujanja wote na kutumia betri mbili. Hakuna aliyelazimika kuamini sifa za mtu yeyote. Kila mmoja alisoma mchoro, akaona udhaifu, akaurekebisha, akaonyesha alichofanya.

Kuna tabia moja katika ufundi huu ambayo inaonyesha vizuri jinsi sikio linavyoweza kumpotosha mwenye nalo. Wapenzi wengi huweka soketi kwenye ubao ili waweze kuchomoa opampu na kuchomeka nyingine, kisha kulinganisha sauti. Kwenye CMoy ya asili, Moy alichagua opampu za familia ya OPA134, ambazo milango yake ya kuingizia sauti hunyonya mkondo mdogo mno, pikoampea chache. Chukua badala yake NE5532, opampu maarufu ya studio na ya bei nafuu. Mlango wake hunyonya takriban nanoampea 200. Kwenye CMoy mkondo huo unapita katika rezista ya omu 100,000 iliyoko mlangoni, na hapo inazaliwa milivolti 20 ya umeme wa DC ambayo haina uhusiano wowote na muziki. Saketi inakuza mara 11. Kwenye tundu la hedifoni panatokea milivolti 220 za DC, muda wote, hata muziki ukiwa umezimwa. Utando wa spika unasukumwa upande mmoja na kushikiliwa hapo, na waya wake mwembamba unapashwa moto bure.

Anayesikiliza atasema nini? Atasema NE5532 ina besi iliyobanwa, au haina uhai, au kinyume chake kabisa kwamba ina msukumo. Ataandika maelezo marefu kuhusu tabia ya aisi. Na aisi haina kosa. Ilifungwa kwenye saketi ambayo haikusanifiwa kwa ajili yake.

Testa ya bei ndogo ingemwambia ukweli kwa muda mfupi. Chomoa hedifoni, washa amplifaya, shusha volyumu hadi mwisho. Weka testa kwenye milivolti za DC. Ncha nyeusi iguse ethi ya kubuni, pale kapasita mbili zinapokutana. Ukiigusisha hasi ya betri utasoma volti 4.5 na kudhani umeharibu kila kitu. Ncha nyekundu iguse mguu wa kushoto wa tundu, kisha wa kulia. Ikisoma milivolti chache, chomeka hedifoni kwa amani. Ikipita 20, tafuta sababu kwanza. Nadhani hakuna amplifaya ya mkono inayostahili kuguswa na hedifoni ya gharama kabla ya kipimo hiki, na ningependa kila mwongozo wa wanaoanza ukiweke mwanzoni badala ya kukiacha kwenye maelezo ya mwishoni.

Kosa jingine halionekani hata kwenye testa. Opampu yenye kasi kubwa, ikikosa kapasita ya mikrofaradi 0.1 karibu kabisa na pini zake za umeme, au ikibebeshwa waya mrefu wa hedifoni, inaweza kuanza kutetemeka yenyewe kwa mamilioni ya mizunguko kwa sekunde. Sikio halisikii masafa hayo. Linachosikia ni athari zake: ukali kidogo juu, mkwaruzo usioeleweka. Kipimo cha asiye na osiloskopu ni kidole. Aisi inachemka wakati haina sababu ya kuchemka.

Na zipo bandia. Opampu ghali kama OPA627 zimeghushiwa kwa wingi: aisi ya bei ndogo inasuguliwa mgongo, inaandikwa jina jipya, inauzwa. Anayenunua anasikia ubora aliolipia, kwa sababu amelipia. Simlaumu mnunuzi. Ubongo wa binadamu hujaza unachotarajia kusikia, na elimu au uzoefu haviuzuii. Kinachozuia ni namna ya kujaribu. Mwaka 1982 David Clark alichapisha katika jarida la Audio Engineering Society maelezo ya kifaa cha kulinganisha ambacho humficha msikilizaji kinachopigwa: anasikia A, anasikia B, kisha X, na anapaswa kusema X ni kipi. Kabla ya hapo sauti husawazishwa kwa kipimo, kwa sababu kifaa chenye sauti kubwa kidogo tu huonekana bora. Ukirudia mara 16 na kupatia 12 au zaidi, uwezekano wa kufika hapo kwa kubahatisha tu ni chini ya asilimia 4. Hapo mtu ana haki ya kusema anasikia tofauti. Ni jaribio linalohitaji rafiki mmoja, swichi na uvumilivu, na limemaliza mabishano mengi kuliko aisi yoyote.

Mwaka 2011 aliingia mtu aliyechukulia mambo haya kwa uzito wote. Alijiita NwAvGuy na hakutaja jina lake halisi. Alikuwa na mashine ya kupima sauti ya dScope kutoka Prism Sound, kifaa cha maabara, akaanza kupima amplifaya za kununua na za kujenga na kutoa grafu zake mbele ya watu. Baadhi ya kazi zilizosifiwa kwa miaka zilionekana kuwa na kasoro. Kisha akasanifu ya kwake, Objective2, ambayo watu huiita O2.

Ukiifungua O2, kinachoshangaza ni jinsi vipuri vyake vilivyo vya kawaida. Kazi ya kukuza inafanywa na NJM2068. Kazi ya kusukuma hedifoni inafanywa na NJM4556A, opampu ya bei ya chini ambayo wapenzi wa majina makubwa wasingeitazama mara mbili. Alizichagua kwa sababu alizipima na zikafaulu. Kwa kila sikio alifunga nusu mbili za 4556 sambamba, kila nusu ikipita katika rezista ya omu 1, hivyo ukinzani wa tundu la kutolea ukabaki karibu nusu omu. Ile besi ya kuongezewa na rezista tuliyoiona kwenye redio za sebuleni haina nafasi hapa. Alitumia betri mbili za volti 9 ili ethi iwe ethi kweli, na akaweka saketi inayokata betri zote mbili mojawapo inapochoka, maana betri moja ikibaki peke yake DC yote ingeangukia hedifoni. Ukuzaji aliuweka wa kuchagua, mara 2.5 au 6.5. Mara 11 za CMoy ni nyingi mno kwa vyanzo vingi vya leo. Volyumu inajaa mwanzoni kabisa mwa kitufe, pale ambapo pande mbili za kitufe hazilingani vizuri.

Katika jambo moja sikubaliani naye. Leseni aliyoitoa iliruhusu mtu kujenga O2 na hata kuiuza, lakini haikuruhusu kusambaza mchoro uliobadilishwa. Alitaka kuzuia watu wasitumie jina lake kwa kazi mbovu, na wasiwasi huo naufahamu. Lakini mchoro unaoweza kukaguliwa unapaswa pia kuweza kurekebishwa mbele ya watu. CMoy ilikua kwa sababu maelfu waliikosoa kwa vitendo. O2 ilibaki kama alivyoiacha. Mwaka 2012 alinyamaza, na hakusikika tena. Amplifaya yake inaendelea kujengwa, kwa kuwa alichokiandika kinajitosheleza bila yeye.

Desturi hii ya kujenga kwa mkono na kuonyesha mchoro ina mizizi mirefu. Hedifoni yenyewe ni kazi ya nyumbani: Nathaniel Baldwin wa Utah alizitengenezea jikoni kwake, na mwaka 1910 Jeshi la Majini la Marekani likamwagiza. Lakini kwa upande wa amplifaya, mwaka ninaouona kuwa mkubwa ni 1947. Mwezi Aprili mwaka huo, D. T. N. Williamson alichapisha katika jarida la Wireless World la Uingereza mchoro kamili wa amplifaya ya valvu ya wati 15 yenye upotoshaji usiozidi asilimia 0.1. Alitumia sana mrejesho hasi, yaani kurudisha mlangoni sehemu ya sauti inayotoka ili kupunguza upotoshaji, mbinu ambayo Harold Black alikuwa ameibuni mwaka 1927 akiwa ndani ya kivuko akielekea kazini. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha karibuni, na ufundi wa redio ulikuwa mikononi mwa vijana wengi waliotoka jeshini. Williamson aliwapa kiwango cha kufikia, na namna ya kujua kama wamekifikia. Mchoro wake ulijengwa Australia, ukajengwa Marekani, kampuni ya Heath ikauuza kama kifurushi cha kuunganisha nyumbani. Mwaka 1969 John Linsley Hood alirudi katika jarida lile lile na amplifaya ya transista ya wati 10, akailinganisha waziwazi na ya Williamson. Miaka 22 ilikuwa imepita, valvu zilikuwa zinaondoka, na bado kipimo kilikuwa mchoro uliochapishwa.

Hapo ndipo nafikiria mafundi wetu. Ukienda Luthuli Avenue Nairobi, au ukizunguka Kariakoo Dar es Salaam, utakuta ujuzi wa sauti usio mdogo hata kidogo. Fundi anafungua sabufa iliyokufa, anagusa aisi kwa kidole, ananusa, anatazama kapasita iliyovimba kichwa, na kabla hujamaliza kueleza tatizo ameshalijua. Ndani ya sabufa nyingi za bei nafuu kuna familia ile ile: opampu ya 4558 mbele kwa ajili ya besi na sauti za juu, na TDA2030 au ndugu zake nyuma kusukuma spika. Amezitengeneza nyingi kiasi kwamba hahitaji mchoro. Ana ubao wa kuchomoa vipuri, ana risasi, ana testa iliyochakaa, na kiungo anachokilehemu kinang'aa na kulala vizuri kwenye shaba, wakati cha anayejifunza kinabaki cha kijivu kimejikunja kama tone lisilotaka kushuka.

Lakini ujuzi huo haujachorwa. Unapita kwa kijana anayekaa pembeni ya meza, na kijana akiondoka kutafuta kazi nyingine unakatika. Fundi akizeeka, unakwenda naye. Hakuna upungufu wa akili hapa, wala wa vipuri, wala wa watu wanaopenda sauti nzuri; nchi zenye sabufa katika vibanda vya vinyozi na magari ya abiria zina masikio ya kutosha. Kinachokosekana ni karatasi. Vyuo vya ufundi vina wanafunzi wanaoweza kufanya kazi hii, na mafundi wenye ujuzi wako hatua chache kutoka kwenye mageti ya vyuo hivyo.

Ningeanza na sabufa, wala si na O2, kwa sababu ndiyo iliyopo mezani. Mwanafunzi achukue ubao mmoja unaofanya kazi, afuate nyaya za shaba kwa jicho na testa, achore saketi yote kwa alama za kawaida, na pembeni ya kila pini ya muhimu aandike volti aliyoisoma: pini ya 8 na ya 4 za 4558 zinazobeba umeme, pini ya 1 na ya 7 zinazotoa sauti, pini ya 3 na ya 5 za TDA2030. Kwenye ubao wenye umeme wa pande mbili, pini ya 4 ya TDA2030, inayokwenda kwenye spika, iwe karibu na sifuri muziki ukiwa umezimwa. Aandike kwa Kiswahili cha mafundi, na fundi aliyekubuhu apitie na kusahihisha, jina lake likiwa juu ya karatasi pamoja na la mwanafunzi. Kisha nakala ziwekwe kwenye meza za mafundi wengine. Mwenye ubao kama huo akikuta pini ya 4 inasoma volti 12, atajua aisi imekufa kabla hajafunga spika mpya na kuiunguza nayo.